Bi Arafa, Aliyetufundisha Kuuliza Kabla ya Dua

Ijumaa ya tarehe 31 Julai 2026, baada ya sala na kabla ya pilau, Bi Arafa Mwinyimvua atakabidhi funguo za kabati la dawa la wodi ya kiharusi na kustaafu kwa mujibu wa sheria, akiwa ameitumikia hospitali yetu hapa Bagamoyo kwa miaka thelathini na minne. Uongozi ulimwomba abaki kwa mkataba, akakataa. Ukamwomba tena kwa adabu zaidi, naye akakataa kwa adabu zaidi. Kwa nini amekataa, hiyo ndiyo habari yenyewe, na nitaifikia. Mniache kwanza nianze mwanzo, maana kamati ya sherehe imenipa ukurasa wa kati wa programu hii, na mimi Nasrin wa mazoezi ya viungo sijawahi kupewa nafasi ya kusema nikaitumia nusu.

Bi Arafa alizaliwa Miono, kwa wakulima wa ufuta, na mpaka leo akikasirika Kikwere humtoka chenyewe. Sisi tusiokijua tumejifunza kukimbia kwa kusikia sauti tu. Alitoka chuo cha uuguzi akapangiwa wodi ya wazazi, na huko akapokea watoto wa mji huu miaka na miaka. Mmojawapo ni Dkt. Lulu, daktari wa wodi yetu. Kila wanapotofautiana kuhusu mgonjwa, Bi Arafa humkumbusha kwa upole kwamba yeye ndiye aliyemzaba kofi la kwanza la maisha yake. Daktari hucheka, halafu mambo huendelea kama kawaida.

Alihamishiwa kwetu wodi ilipofunguliwa. Mnaijua kazi yetu. Analetwa mtu aliyeamka mzima alfajiri, adhuhuri upande mmoja umelala, mdomo umepinda na maneno yamekwama kooni. Ndugu wanasema kapigwa na upepo. Mwingine kafichwa nyumbani wiki nzima akinyweshwa kombe, maji yaliyooshewa aya za Kurani, dawa ya presha imewekwa juu ya kabati. Bi Arafa hakugombana na kombe hata siku moja. Alikuwa akiwaambia ndugu kwamba maneno ya Mwenyezi Mungu hayajawahi kugombana na kidonge, basi kidonge kimezwe kwa maji yale yale, vyote vifike pamoja. Mgonjwa akishapimwa kama anameza salama, wakawa wanafanya hivyo. Ndugu waliokuja na ugomvi mdomoni walikuwa wakiondoka wakimwita shangazi.

Ila kiharusi hakichukui mkono tu. Mtu mzima, mwenye wajukuu, anajikojolea kitandani. Anajiona ni najisi, hafai kusimama mbele ya Mola wake, basi anaacha kusali. Akiacha kusali anageukia ukutani. Akigeukia ukutani ndipo nafika mimi na mpira wangu wa mazoezi, namwambia nyanyua, hanyanyui. Jamani, nilikuwa naudhika! Nilidhani ni uvivu. Bi Arafa ndiye aliyenieleza kwamba yule mtu ana msongo na huzuni, na kwamba mwenye huzuni ukimpigia kelele za mpira unamwongezea tu.

Msije mkadhani alizaliwa akilijua hilo. Alilijua kwa kukosea, na kosa lenyewe ninalisimulia kwa idhini yake, maana yeye mwenyewe hulisimulia kwa kila muuguzi mgeni kabla hata ya kumwonyesha choo kilipo.

Tulikuwa na mgonjwa, Mzee Muhammad wa Makurunge. Presha ilikuwa imeshuka, mguu umeanza kurudi, lakini maneno hayakuwepo, na yeye alikuwa amelala kauangalia ukuta. Bi Arafa akamwonea huruma. Akaona mtu huyu anahitaji kusomewa, akampitia Maalim Seleman wa madrasa ya mtaa wa nyuma, akamwomba aje. Maalim naye, kuambiwa njoo wodini kwa mgonjwa wa kiharusi, hakuuliza mengi. Alifika na kofia yake safi, akaketi kichwani mwa mzee, akafungua msahafu, akaanza Yasini.

Sasa nyie watu wa Pwani, niambieni. Umelala hospitali, huwezi kusema, unafumbua macho unamwona maalim yuko kichwani anakusomea Yasini. Utafikiri nini? Mzee Muhammad alifikiri hicho hicho. Macho yakamtoka, jasho likamwagika, presha tuliyoihangaikia ikapanda upya. Bintiye Mwanajuma ndiyo kwanza anaingia na chupa ya uji. Alipoisikia ile sura ya wanaokata roho tangu mlangoni, chupa ikaenda zake chini, kilio kikapaa. Kabla hatujamshika mkono keshapiga simu Makurunge.

Wakaja. Gari ndogo ya mizigo imejaa mashangazi na majamvi, na mmoja wao alikwisha kupitia dukani kuulizia sanda. Wakaingia wodini kwa mguu wa msiba, wakamkuta marehemu kaketi analishwa uji. Shangazi mkubwa, ambaye kilio alikuwa amekianza tangu getini na hakujua akizimie wapi, akajitupa miguuni kwa mzee. Hapo ndipo Mzee Muhammad, ambaye hatukuwahi kumsikia akitamka neno tangu aletwe, alipojikunja kwa hasira akatamka moja, kubwa, lililosikika mpaka dirisha la dawa: bado!

Wodi nzima tulicheka hadi machozi. Mzee mwenyewe akacheka kwa upande ule uliokuwa unacheka. Tangu siku ile neno hilo limekuwa salamu yetu, ukimuuliza mtu kama zamu imekwisha, jibu lake mnalijua. Lakini Bi Arafa hakucheka. Nilimkuta kwenye stoo ya mashuka anafuta macho, ananiambia kwamba amemtisha mzee wa watu kwa jambo jema. Alimpa alichodhani yeye anakihitaji. Hakumuuliza.

Kesho yake akaweka kiti cha plastiki kando ya kitanda, baada ya chakula cha mchana, akauliza. Kumuuliza mtu asiyesema ni kazi. Alikuwa anataja kitu kimoja kimoja, mzee anakataa kwa kichwa. Sala? Hapana. Maalim? Hapana kabisa, jamani, hapana! Watoto? Hapana. Shamba? Hapana. Alipofika kwenye msikiti wa kwao mzee akaanza kulia. Kidogo kidogo, na Mwanajuma akisaidia, ikaja ikajulikana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akifagia msikiti na kutandika mikeka kila Ijumaa, na kilichokuwa kikimla moyo ni nani anafagia sasa, na kama akirudi atakuta nafasi yake imechukuliwa. Simu ikapigwa. Imamu akajibu kwamba mkwe wake yeye imamu anashikilia kwa muda tu, ufagio ni wa mwenyewe. Mzee akalala usingizi mzuri siku hiyo. Nilipokuja na mpira wangu Bi Arafa akaninyang'anya, akanitia ufagio mkononi, akaniambia nikamfanyishe mazoezi na huo. Mzee Muhammad alitoka kwetu anatembea, na akafagia msikiti wake kwa mkono mmoja mpaka ulipofika wakati wake wa kweli, miaka mingi baadaye.

Kile kiti cha plastiki hakikurudi tena ofisini. Kila adhuhuri Bi Arafa alikaa, akauliza, akangoja. Sophia wa Msata, muuza machungwa pale stendi, tulidhani atataka katekista, kumbe alitaka kwanza apatane na dadake waliyenuniana naye. Dada akaja, wakalia wakamaliza, ndipo katekista akaitwa. Siku hiyo Maalim Seleman alikuwa na mgonjwa wake, basi wakaketi benchi moja nje, wanangoja zamu na kunywa kahawa, wanabishana mpira. Wengine walitaka mchanga wa kutayamamu badala ya udhu wa maji, wajifunze kusali kwa kulala, kwa kichwa na macho. Mmoja alitaka anyamaziwe, na Bi Arafa, ambaye kunyamaza si fani yake, alikaa naye akanyamaza. Na wapo ambao ulimi umefungwa kwa kila neno, lakini Fatiha waliyohifadhi utotoni inatoka nzima, haina kigugumizi. Ukiliona hilo mara ya kwanza unaweza kukaa chini.

Dkt. Lulu akaanza kuwauliza wagonjwa maswali ya msongo na hali ya moyo wanapoingia na wanapotoka. Walioketishwa na kusikilizwa walionekana kulala vizuri zaidi, hofu yao ilipungua, na mazoezi yangu waliyakubali bila ugomvi. Daktari anatuonya tusitangaze sana, wodi yetu ni ndogo. Bi Arafa naye huwa mkali kwa wanaozidisha. Husema dua na kidonge vyote anavitaka, na kwamba hajawahi kuona dua imenyanyua mkono, ameona imemfanya mwenye mkono atake kuunyanyua.

Mchanga ule safi wa kutayamamu, aliyekuwa akiuleta ni mumewe, na hapa ndipo nilipokuwa napaogopa.

Nani katika mji huu hajala pilau la Mzee Shuaibu? Harusi, maulidi, hitima, masufuria yake yalikuwa yanatangulia na yeye anafuata kwa baiskeli, mwiko kaufunga nyuma. Mchanga aliuchekecha na kuukausha jikoni kwake, akaujaza kwenye makopo ya biskuti, kila mgonjwa na lake. Jioni alikuwa anakuja getini kumchukua mkewe, hashuki kwenye baiskeli, anaita: Arafa! Sisi sote tunamwita Bi Arafa. Mtaani ni Mama Samia. Wazazi wake walikwisha tangulia, na kaka zake pia, basi duniani amebaki mtu mmoja tu wa kumwita kwa jina lake tupu. Alikuwa akiitwa hivyo anakasirika, anasema sauti gani hiyo kama anauza samaki, huku keshavaa viatu zamani.

Mwaka jana, Mzee Shuaibu akiwa anapika maulidi, mwiko ukamtoka mkononi ukazama sufuriani. Waliokuwa naye walidhani ameteleza. Akaletwa kwetu, na muuguzi wa zamu alikuwa mkewe. Bi Arafa alifanya kila kilichopasa kufanywa, kwa mpangilio. Alipomaliza ndipo akashika ukingo wa kitanda, hakuuachia. Tulimketisha kwenye kile kiti chake.

Mguu wa mzee ulirudi kiasi. Mkono wa kulia haukurudi, wala maneno. Akaenda nyumbani, na mkewe akamletea kila alichokuwa akiwaletea watu: Maalim Seleman, kopo la mchanga, redio ya mawaidha. Alitumaini Fatiha itamtoka kama ilivyowatoka wengine. Haikutoka. Mzee aligeukia ukutani. Chakula akawa anakikubali vijiko viwili na kufumba mdomo, yeye, mpishi wa mji! Nilikuwa nakwenda kumfanyisha mazoezi, hanitazami. Bi Arafa alikuwa ananisindikiza mpaka mlangoni, na siku moja akaniambia wazi, bila aibu, kwamba anaitamani ile sauti ya getini kuliko alivyowahi kutamani kitu. Kwamba jioni akitoka kazini hupunguza mwendo pale getini, akijua fika hakuna mtu. Mganga hajigangi, walisema wahenga.

Ikaja Ramadhani. Mgonjwa hafungi, basi Samia, binti yao, alikuwa anamlisha babake mapema kwa kijiko, amfute, amfunike. Magharibi ikiadhiniwa, nyumba nzima inaketi uani kwenye jamvi kuzunguka sinia la futari, na mzee yuko ndani peke yake, anasikia kelele za watu wake wanakula. Bi Arafa alikuwa akiketi pale pale alipozoea, na ubavuni pake pana nafasi ya mtu, hakuna aliyethubutu kuisogelea.

Jioni moja tonge lilimshinda. Akanyanyuka, akaingia ndani, hakuchukua kopo wala msahafu wala redio. Akaketi kando ya kitanda. Akauliza. Mzee akanyoosha kidole mlangoni. Bi Arafa, kwa kutaka kumpa utulivu, akaenda akaufunga mlango, kelele zisimsumbue. Aliporudi akamkuta mumewe analia. Ananiambia hapo ndipo alipomkumbuka Mzee Muhammad, akajiona mjinga wa wajinga. Akaufungua mlango wazi, akaita wakwe na watoto, mzee akabebwa mpaka uani, akaketishwa kwa mito kwenye nafasi yake.

Lakini kula je? Mkono wa kulia umelala, na wa kushoto sote tunajua kazi yake. Maalim Seleman alikwisha mwambia mwenye udhuru ameruhusiwa. Dini imemruhusu, adabu yake imekataa, akauficha ule mkono chini ya shuka na kutazama pembeni. Basi Bi Arafa akachukua kiazi kilichoiva na tui lake, akakiponda kwa vidole, akafanya tonge, akamlisha. La pili akala mwenyewe. La tatu lake mzee. Kijiko hakikuitwa. Wajukuu wakaanza kuchekelea kwamba bibi na babu wanalishana kama maharusi, mmoja akapiga kigelegele, na Mzee Shuaibu akacheka mpaka tui likamtoka puani. Walikula hivyo, polepole, mpaka sinia likaisha. Siku ya pili nilipokwenda kwa mazoezi alikuwa ananitazama.

Basi sasa mnajua kwa nini mkataba umekataliwa. Adhuhuri ile aliyokuwa anakaa kwenye kiti cha plastiki na wagonjwa wetu ndiyo adhuhuri ambayo mzee alikuwa anarudi kwenye kijiko, anakula vijiko viwili na kugeukia ukutani, akingoja mkewe arudi. Bi Arafa alilipima hilo miezi mitatu, naye akapungua uzito kama mumewe. Wodi anaipenda, mmemwona. Lakini Dkt. Lulu alipomfuata mara ya pili na karatasi za mkataba, Bi Arafa alimjibu kwamba amewakalia wagonjwa wa watu miaka yote, na wake mwenyewe ameshamwambia anataka nini. Daktari akazikunja karatasi zake na kumkumbatia.

Leo Mzee Shuaibu atakuwa nasi. Pilau litapikwa na vijana aliowafundisha, na kabla halijapakuliwa atapelekewa sahani aonje, akikubali kwa kichwa ndipo mtakula. Mkiona chumvi imepelea, malalamiko yapelekwe kwake. Yeye na mkewe wamewekewa sinia lao la watu wawili, naomba msiwakodolee macho.

Bi Arafa, tunakushukuru. Watoto uliowapokea wanakushukuru, wazee uliowangoja wajibu wanakushukuru, na walio makaburini wana lao la kukuombea. Kiti chako nimepewa mimi. Najua nitaongea mno, lakini nitajitahidi kuuliza kwanza. Adhuhuri tutakutafuta kwa macho kila mlango ukifunguka, na hilo halitaisha karibuni, tusidanganyane.

Nenda ukale na mumeo. Tunawaombea siha, nyumba yenye utulivu na sinia lisilokauka. Maneno yake hayajarudi, na wewe mwenyewe umetukataza kukuahidi kwamba yatarudi. Ila siku akiita Arafa, iwe mwezi huu, iwe mwakani, usitutumie ujumbe. Piga simu ya wodi, uiweke sauti ya juu, tuisikie wote. Na kabla ya hapo, kila tutakapokuuliza kama ameshakuita, tafadhali utujibu kwa neno la Mzee Muhammad, kubwa, lisikike mpaka dirisha la dawa: bado!